Gari kuchuchumaa nyuma si kushika lami

Kuna aina mbili za klipu ambazo hazikosi kuzua ubishi kwenye makundi ya wapenda magari. Ya kwanza: Chevelle ya mwaka 1970 inaondoka kwenye taa, pua juu, nyuma imechuchumaa mpaka madigadi yanataka kulalia tairi. Ya pili: Camaro ya rika hilohilo, nayo pua juu, ila nyuma yake haishuki. Inapanda. Nafasi kati ya tairi na madigadi inaongezeka kama vile kuna mtu kaweka jeki. Wachangiaji huisifia ile ya kwanza kwamba "imekaa", na mwenye Camaro hushauriwa akatafute springi nyingine. Halafu mtu anaangalia muda, kumbe Camaro ndiyo iliyoondoka vizuri.

Mkanganyiko huu unaeleweka. Jicho linaona nyuma imelemewa, akili inasema uzito umehamia nyuma, kwa hiyo tairi limeshika. Kuhamia kwa uzito ni kweli. Lakini kuchuchumaa sicho kilichouhamisha, na sicho kinacholikandamiza tairi chini katika ile nusu sekunde ya mwanzo ambayo ndiyo hasa inayoamua mbio.

Tuwekane sawa kwenye maneno kwanza. Mbio za dragi ni magari mawili, njia mbili zilizonyooka, taa, na umbali wa robo maili, yaani mita 402. Wamarekani walikuwa wakishindana hivi barabarani na kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa, mpaka Wally Parks alipoanzisha chama cha NHRA mwaka 1951 na mchezo ukapata sheria. Magari ya misuli ni yale ya Kimarekani ya kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970: bodi ya kawaida ya milango miwili, ndani yake injini kubwa ya V8. Wengi huanza kuhesabu kwenye Pontiac GTO ya 1964. Karibu yote yana kitu kimoja kinachofanana: ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kizima kutoka tairi la kushoto hadi la kulia, difu ikiwa katikati. Mshiko ni kiasi cha msukumo ambacho tairi linaweza kuupitisha kwenye lami kabla halijaanza kuteleza. Na torki ni nguvu ya kuzungusha, ile unayoisikia mkononi unapofungua nati iliyokaza.

Mshiko unategemea mambo mawili tu: uzito ulioko juu ya tairi, na jinsi mpira wake unavyoshikana na lami. Tairi zuri la barabarani kwenye lami kavu lina mshiko unaokaribiana na uzito uliolibeba. Likibeba kilo 400, linaweza kusukuma kwa kilo 400 hivi. Tairi laini la mashindano, lile lisilo na mistari, kwenye lami iliyopakwa dawa ya kunata, linaweza kuvuka mara moja na nusu ya uzito wake.

Sasa tupige hesabu ya gari halisi. Camaro ya 1969 yenye injini ya inchi za ujazo 396, katika toleo lake kali, iliandikwa kiwandani nguvu farasi 375 na torki ya takriban Nm 563. Ukiifungia giaboksi ya gia nne ambayo gia ya kwanza ni 2.20, na difu ya 4.10, torki hiyo inazidishwa mara tisa kabla ya kufika kwenye tairi. Igawe kwa umbali wa kutoka katikati ya tairi hadi chini, sentimita 34 hivi, unapata msukumo wa kilo 1,500. Toa moja ya tano, kwa sababu kuna msuguano njiani na kwa sababu viwanda vya wakati ule vilipima injini ikiwa imevuliwa vifaa vingi. Bado una kilo 1,200 zinazotaka kupita kwenye lami.

Upande wa tairi sasa. Gari na dereva wake tuseme ni kilo 1,600, na kwa kuwa injini ni pande la chuma lililokaa mbele, asilimia 55 ya uzito iko mbele. Nyuma zinabaki kilo 720. Likiwa limesimama, basi, mshiko wote wa nyuma kwa tairi za barabarani ni kilo 720 na msukumo ni 1,200. Ndiyo maana magari haya yalijulikana kwa moshi kabla hayajajulikana kwa mwendo.

Kinachookoa ni kuhama kwa uzito. Gari linapochapuka, yaani linapoongeza kasi, sehemu ya uzito wake hutoka kwenye tairi za mbele na kwenda kwenye za nyuma. Kiasi kinachohama kinapatikana hivi: zidisha uzito wa gari kwa mchapuko, zidisha kwa urefu wa kitovu cha uzito (nukta ambayo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika) kutoka ardhini, kisha gawa kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Camaro ina mita 2.74 kati ya ekseli zake, tuweke 2.75, na kitovu cha uzito tukiweke sentimita 55 kutoka chini. Sentimita 55 ni moja ya tano ya mita 2.75. Kwa hiyo gari likichapuka kwa g moja, sawa na kitu kinachodondoka kutoka juu, moja ya tano ya uzito wote inahamia nyuma: kilo 320. Kwa tairi za barabarani hatufiki g moja. Hesabu inatulia kwenye 0.56 hivi, uzito unaohama ni kilo 180, na mshiko wa nyuma unafika kilo 900. Zile kilo 300 zinazobaki ndizo moshi.

Rudia kuisoma hesabu hiyo uone kisichokuwemo. Springi hazimo. Shokapu hazimo. Kiasi cha uzito kinachohama hakijali kama nyuma imechuchumaa sentimita kumi au haijasogea hata kidogo. Gari lililofungwa vyuma vigumu badala ya springi, likichapuka sawasawa na hilo laini, linahamisha karibu uzito uleule. Springi laini za mbele husaidia pua ipande na kwa hiyo kitovu cha uzito kipande kidogo, lakini hicho ni kidogo. Kazi kubwa ya springi na shokapu ni kuamua uzito unafika *lini* na unafika *vipi*.

Wahandisi wa Chrysler, kampuni mama ya Dodge na Plymouth, waliolijua hili mapema hawakuhangaika na kuchuchumaa. Walihangaika na ule urefu na ule umbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kikundi chao cha Detroit kilichojiita Ramchargers kilichukua Plymouth ya 1949 na kuiinua juu kupita kiasi, ikawa inaonekana kama gari linalotaka kuvuka mto. Wakaiita High and Mighty. Kitovu cha uzito juu, uzito mwingi nyuma. Mwaka 1965 wakaja na jambo la ajabu zaidi: magari ya Dodge na Plymouth ya kiwandani ambayo ekseli ya nyuma ilisogezwa mbele inchi 15, sawa na sentimita 38, na ya mbele ikasogezwa inchi 10. Bodi ikabaki pale pale, tairi zikawa mahali ambapo si pake. Watu waliyacheka, na kutokana na kicheko hicho likazaliwa jina la Funny Car, ambalo leo ni daraja zima la mashindano.

Wewe mwenye gari la urithi ambalo hutaki kulikatakata huwezi kufanya hivyo. Unachoweza ni kuhamisha vitu. Betri kutoka mbele kwenda kwenye buti, upande wa kulia, ni kazi ya mchana mmoja na faida yake ni ya kweli. Kuhusu mifuko ya mchanga kwenye buti, inayopendekezwa kila siku: kwenye gari letu, kilo 100 juu ya ekseli ya nyuma zinapandisha mchapuko wa kuondokea kutoka 0.56 hadi 0.60. Si uongo basi. Ila baada ya mita chache tairi likishashika, injini inabaki inavuta kilo 100 za bure kwa mita 380 zilizobaki. Kuhamisha uzito uliopo ni bora kuliko kununua mwingine.

Turudi kwenye kuchuchumaa, maana ndipo penye utamu.

Simama juu ya mizani ya kupimia uzito, ile ya hospitali yenye mshale. Chuchumaa ghafla: mshale unashuka, ingawa wewe hujapungua. Sasa inuka kwa nguvu: mshale unaruka juu ya uzito wako halisi, kisha unarudi. Mwili unaoshuka unaipunguzia mizani mzigo. Mwili unaosukumwa kupanda unaikandamiza. Bodi ya gari ni wewe, na tairi ni mizani. Nyuma ya gari inapokuwa *inashuka*, tairi kwa sekunde hiyo linabeba pungufu ya linavyostahili. Inapokuwa *inasukumwa juu*, kitu fulani lazima kiwe kinasukumia kwenye tairi, na tairi linakandamizwa kwenye lami zaidi ya uzito wake wa kawaida.

Mizani inakufundisha jambo la pili pia: mshale haukai juu. Ukishanyooka umenyooka. Mkandamizo wa ziada hudumu kwa muda bodi inapokuwa inaendelea kupata kasi ya kupanda, na shokapu ikifika mwisho wa urefu wake mchezo unageuka: bodi inalivuta tairi kwenda nayo juu. Hapo ndipo unaliona gari linashika vizuri kwa mita mbili kisha tairi linaachia ghafla. Kwa hiyo anayesema "nyuma ikipanda sana ndiyo bora" naye amekosea, ila amekosea karibu na ukweli kuliko yule wa kuchuchumaa.

Ni nini basi kinachoamua kama nyuma itapanda au itashuka? Ni mahali vyuma vinavyoishikilia ekseli vinapoisukumia bodi. Tairi linasukuma lami kwenda nyuma, lami inaisukuma ekseli kwenda mbele, na ekseli inaisukuma bodi kupitia springi au mikono yake, yaani vyuma vinavyoiunganisha na bodi. Wakati huohuo chumba cha difu kinataka kuzunguka kinyume na tairi: pua yake, pale propela inapoingia, inataka kupanda. Nguvu hizo mbili kwa pamoja zinafanya kazi kama vile ekseli inaisukuma bodi kutoka nukta moja.

Ukitaka kuijua nukta hiyo, chukua karatasi uchore gari kwa ubavu. Kwa gari lenye mikono ya juu na ya chini, endeleza mstari wa kila mkono kuelekea mbele mpaka ikutane. Pale inapokutana ndiyo nukta. Sasa chora mstari mwingine kutoka pale tairi la nyuma linapogusa chini, upande mpaka juu ya ekseli ya mbele kwenye kimo cha kitovu cha uzito. Nukta ikiwa chini ya mstari huu, nyuma itachuchumaa. Ikiwa juu yake, nyuma itapanda na tairi litapigiliwa chini. Ikiangukia kwenye mstari wenyewe, nyuma haisogei. Kadiri nukta inavyokuwa juu na karibu na tairi, ndivyo pigo linavyokuwa kali na la ghafla. Magari mengi ya kiwandani ya enzi zile yaliwekewa nukta ya chini, kwa kuwa yalitengenezwa yapande matuta kwa upole na familia ndani, si yapige mita 402.

Sasa tuingie chini ya gari. Kwa Camaro, Mustang, Nova na karibu kila kilichotoka Dodge na Plymouth, nyuma kuna springi za bapa, zile za vyuma virefu vilivyopinda na kupangwa tabaka, kama zilizoko nyuma ya Hilux ya mzigo au Land Cruiser pickup. Ni springi nzuri kwa kubeba. Kwa dragi zina ugonjwa mmoja mkubwa: springi hiyohiyo inayobeba gari ndiyo inayotakiwa kuizuia ekseli isizunguke. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu inapanda, na springi inajikunja kuwa kama herufi S iliyolala. Ikifika mwisho wa kujikunja inajifyatua, ekseli inarudi, tairi linaruka. Likigusa chini linashika tena, springi inajikunja tena. Dereva anasikia gari zima linatetemeka kwa mdundo wa haraka. Huko kudunda si kukosa mshiko tu. Ndiko kunakokata propela na viungo vyake, na wakati mwingine ekseli yenyewe.

General Motors waliujua ugonjwa huu vizuri. Camaro ya kwanza, ya 1967, ilitoka na springi ya bapa moja tu kila upande, na matoleo yenye nguvu yakaongezewa chuma cha kuzuia upande wa kulia. Mwaka uliofuata wakazipanga shokapu za nyuma kwa kupishana, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zisaidiane kuizuia isizunguke, na magari yenye nguvu yakapewa springi za tabaka kadhaa.

Chrysler walifanya kwa akili zaidi, kwa maoni yangu, na bila kuongeza chuma kingi. Ekseli haikukaa katikati ya springi. Ilisogezwa mbele, hivyo kipande cha mbele cha springi kikawa kifupi na kigumu na cha nyuma kirefu na laini. Kipande kifupi hakijikunji kirahisi, kinafanya kazi kama mkono wa chuma. Juu ya pua ya difu wakaweka kisiki cha mpira: pua ikipanda inagonga bodi, na kule kugonga kunaisukuma bodi juu na tairi chini. Kwa wanaokwenda mashindanoni waliuza springi maalumu ambazo ya kulia na ya kushoto hazikuwa sawa. Sababu tutaifikia.

Usipokuwa na gari la Chrysler, dawa ya kwanza ni ya bei ndogo. Funga kipande cha mbele cha springi kwa vibano viwili vitatu vilivyokazwa sana, na cha nyuma kiache huru. Tayari umepata nusu ya ujanja wa Chrysler. Inayofuata ni vile vyuma vya mraba vinavyofungwa chini ya ekseli na kunyooka mbele, vikiwa na mpira kwenye ncha. Ekseli ikitaka kuzunguka, ncha inapanda na kugonga chini ya jicho la mbele la springi. Ncha isipokuwa chini ya jicho lenyewe, ikawa imeishia katikati ya springi, chuma hicho ni pambo. Nimeona mengi yamefungwa hivyo, yamepakwa rangi ya kung'aa, na tairi zinadunda kama zamani. Kisha kuna mfumo wa CalTracs, ambao umeunganishwa kwenye jicho la mbele kwa kipande kinachobembea: ekseli ikitaka kuzunguka, chuma kinasukuma kwenda mbele, kipande kinabembea na kuikandamiza springi kutoka juu. Nguvu ileile iliyokuwa inaharibu sasa inafanya kazi ya kulipigilia tairi. Kwa gari la springi za bapa ambalo bado linakwenda barabarani, sijaona kinachoushinda kwa bei yake.

Chevelle, GTO, Cutlass na ndugu zake hawana springi za bapa. Wana koili, na ekseli imeshikwa na mikono minne: miwili ya chini imenyooka, miwili ya juu imetanuka kama V. Hawa ndio wanaochuchumaa. Mikono ya kiwandani ya chini ni chuma kilichokunjwa, upande mmoja uko wazi, na ukikanyaga inajipinda. Kuiziba iwe boksi na kubadilisha bushi zilizolegea ni lazima kabla ya lolote. Dawa yenyewe ni kubadilisha pembe: kuna vipande vinavyoinua sehemu ambayo mkono wa juu unashika ekseli, au vinavyoshusha ile ya mkono wa chini. Mistari yako kwenye karatasi inakutana karibu zaidi na juu zaidi, na Chevelle iliyokuwa inachuchumaa inaanza kusimama wima. Mwenye gari hushangaa mara ya kwanza, anadhani ameharibu.

Tumalize na ule upande wa kulia. Propela haizungushi difu tu. Inataka pia kuipindua ekseli nzima. Kwa magari haya, ukiyatazama kutoka nyuma, inaikandamiza kushoto na kuinua kulia. Ndiyo maana gari lenye difu ya kawaida huacha alama moja nyeusi, na alama hiyo ni ya kulia. Wengi hudhani difu ya kawaida inapeleka nguvu upande mmoja. Hapana: inagawa torki sawa kwa sawa daima, kwa hiyo tairi la kushoto haliwezi kupata zaidi ya kile ambacho la kulia, lililoinuliwa, linaweza kukishika. Difu yenye kufunga, kama Positraction ya Chevrolet au Sure-Grip ya Chrysler, inalivunja hilo na alama zinakuwa mbili. Lakini tairi la kulia bado lina uzito pungufu. Hapo ndipo zinapoingia springi za Chrysler zisizolingana, betri ya kulia, mpira wa ncha ya kulia ulioachiwa nafasi ndogo kuliko wa kushoto, na mfuko wa upepo unaotiwa ndani ya koili ya kulia ya Chevelle. Huu wa mwisho ni wa bei ya chini sana na unarekebishwa kwa pampu ya mkono. Fundi mmoja akikwambia gari liko upande kidogo likisimama, mwache, likiondoka litanyooka.

Kuhusu tairi sina mengi, si kwa kuwa halina maana bali kwa kuwa ndilo jambo rahisi kuliko yote. Tairi laini la mashindano, upepo ukishushwa mpaka psi 10 hadi 15, linakunja ubavu wake linapoondoka na kuipokea nguvu taratibu. Kwa Camaro yetu, mpira wenye uwiano wa mshiko kwa uzito wa 1.6 unapandisha kiwango cha mshiko hadi kilo 1,700, na sasa injini ndiyo inayoishiwa. Utauliza, springi na vyuma vya nini basi? Kwanza, ukiachia klachi injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini linarusha torki ya ziada ambayo haimo kwenye hesabu yangu. Pili, mshiko wote huo ni wa tairi linalokaa chini, linalodunda halina. Na watu wengi wa leo hawana farasi 375. Wana mara mbili yake. Kuchoma tairi kabla ya mbio, kwa njia, si maonyesho: kunapasha mpira moto na kuondoa vumbi. Moshi kidogo ukitoka, inatosha.

Na zile picha za pua juu angani? Kuanzia mwaka 1965 Plymouth Barracuda iliyoitwa Hemi Under Glass, injini ikiwa nyuma chini ya kioo, ilizunguka viwanja ikitembea kwa tairi mbili. Ilikuwa ya kuvutia mashabiki. Tairi za mbele zikishaacha ardhi, hata kwa unene wa karatasi, uzito wote uko nyuma tayari, hakuna wa kuongeza. Kuendelea kupanda ni nguvu inayopotea kwenda juu badala ya kwenda mbele.

Ukitaka kujua gari lako linafanya nini, usiulize jicho la mtu aliyekaa jukwaani. Weka simu chini, kimo cha katikati ya tairi, upande wa kulia, urekodi kwa mwendo wa taratibu. Chora mstari mweupe wa kiwi ya viatu kuanzia rimu hadi kwenye tairi. Ukirudi mstari umekatika, tairi linazunguka kwenye rimu. Funga kibano cha plastiki cha kufungia waya kwenye fimbo ya shokapu ya mbele: utaona imefunguka kiasi gani. Kisha soma karatasi ya muda unayopewa uwanjani, namba ya futi 60, yaani mita 18 za mwanzo. Wazoefu huhesabu kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde iliyookolewa hapo inakuwa moja na nusu, wakati mwingine karibu mbili, mwisho wa robo maili. Klipu ikionyesha nafasi juu ya tairi inaongezeka kwa utulivu na kubaki hapo, ubavu wa tairi umekunjamana, usiguse kitu. Ikiongezeka kwa kishindo kisha tairi likaachia, kaza shokapu za nyuma upande wa kufunguka. Ikipungua, rudi kwenye karatasi yako ya mistari. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kipi kilisaidia.

Jambo la mwisho ni la mwenye gari moja la kila kazi. Shokapu za mbele za dragi, zile za 90/10, hufunguka kirahisi na hujifunga kwa shida ili pua ipande haraka na ikae juu. Kwenye njia iliyonyooka ni tamu. Barabarani, pua iliyopanda kwenye tuta inachelewa kushuka, na ukifunga breki au ukikata kona katika hali hiyo usukani unakuwa mwepesi wakati ambapo unauhitaji uwe mzito. Nunua za kurekebishika, zenye kitufe cha kuzungusha, na kabla ya kutoka uwanjani zirudishe kwenye kiwango cha barabarani. Tairi za psi 12 nazo zijaze.